Kukufuru, kukosoa na kuchochea: yanayosemwa Malindi na Lamu, na sheria inavyosema

Mara kwa mara simu za watu wa Malindi na Lamu huingia kipande cha sauti au cha video: fulani kamkejeli Mtume, fulani kaichana Biblia, fulani kasema Mungu hayupo. Haipiti saa, kundi zima la WhatsApp limejaa hukumu. Mmoja anataka mtu akamatwe. Mwingine anasema aachwe, Katiba inamlinda kwa lolote. Wa tatu anauliza huyo mtu anaishi mtaa gani. Wote huzungumza kwa uhakika, na mara nyingi wote wamekosea. Mimi ni Muislamu na huumia dini yangu ikichezewa. Lakini nahofia zaidi siku jirani atakapoburutwa nje ya nyumba yake kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikia sawasawa.

«Kukufuru ni kosa la jinai Kenya»

Hakuna kosa la jina hilo katika sheria zetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, kuamini na kuwa na maoni yake, na hapo anaingia pia yule asiyeamini chochote. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza.

Anayeishia hapo, hata hivyo, naye anapotosha. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138, nacho kinafaa kusomwa polepole. Kinamtia hatiani mtu ambaye, kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenziwe, ataandika neno, atatamka neno au kutoa sauti mbele yake, atafanya ishara, au ataweka kitu mahali ambapo mwenziwe atakiona. Adhabu yake hufika kifungo cha mwaka mmoja. Uzito wote umo katika kusudi. Mwalimu wa madrasa anayefundisha kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa hafundishi ili kumchoma roho jirani yake Mkristo. Mhubiri anayesema hakuna wokovu nje ya Yesu hamlengi Muislamu anayepita njiani. Kila mmoja anasema imani yake, na imani ya mmoja ndiyo kufuru ya mwingine. Kama kukanusha dini ya mwenzio kungekuwa kosa, hotuba ya Ijumaa na mahubiri ya Jumapili yangeishia kizimbani.

Kifungu cha 134 kinahusu jambo jingine: kuharibu au kunajisi mahali pa ibada, au kitu chochote kinachotukuzwa na kundi lolote la watu, kwa nia ya kuitukana dini yao. Hilo «kundi lolote» watu wengi wa Malindi hulisahau. Msikiti umo, kanisa limo, na kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, pamoja na vigango vya Wagiriama, nguzo za kuwakumbuka wafu, vimo vilevile. Kijana anayeng'oa kigango akisema anapiga vita ushetani yuko chini ya sheria ileile anayoitaka imlinde yeye na msikiti wake, au yeye na kanisa lake.

Kuhusu kifungu cha 134 sina ugomvi nacho, kwa sababu ukuta uliobomolewa unaonekana. Cha 138 naona kingefaa kuondoka. Hisia hazipimiki, na sheria inayozilinda humpa ushindi anayepiga kelele zaidi. Mahakama Kuu imewahi kufuta sheria za namna hii: mwaka 2016 ilibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichotumiwa kuwakamata watu kwa waliyoandika mitandaoni, na mwaka 2017 ikafuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ilieleza mwaka 2011 kwamba sheria za kuadhibu kufuru haziendani na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, isipokuwa pale maneno yanapochochea ubaguzi, uhasama au ukatili. Kenya imo katika mkataba huo tangu 1972.

«Kadhi anaweza kumhukumu aliyekufuru»

Hawezi. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake. Jinai haimo.

«Sheria hizi zimetokana na Uislamu»

Hili nalisikia kwa wageni wanaokuja Pwani, na pia kwa vijana wetu wanaoona fahari nalo. Kifungu cha 138 kililetwa na Waingereza. Kimefuata sheria waliyoiandikia India mwaka 1860, wakaieneza katika makoloni yao, na huku kwetu ikaandikwa katika Kanuni ya Adhabu ya 1930. Walichokuwa wakitafuta ni utulivu wa watawaliwa wa dini mbalimbali. Utukufu wa Mwenyezi Mungu haukuwa hoja yao.

Kwao wenyewe kufuru ilikuwa kosa kwa karne nyingi. Mwanafunzi wa Edinburgh, Scotland, aitwaye Thomas Aikenhead alinyongwa mwaka 1697 kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Ukristo. Kosa hilo lilidumu England na Wales hadi 2008, na kwa muda wote huo liliulinda Ukristo peke yake. Waislamu wa huko walipojaribu kulitumia dhidi ya riwaya ya Salman Rushdie, waliyoiona inamkejeli Mtume, mahakama iliwajibu kwamba dini yao haimo. Denmark ilifuta kosa lake 2017, kisha mwaka 2023 ikatunga sheria mpya ya kukataza kuchoma Qur'ani hadharani. Kwa hiyo anayedhani dunia imegawanyika sehemu mbili, Waislamu wanaoadhibu na Wazungu wanaoruhusu, hajaitazama historia.

«Kuhoji dini ni ugeni, hapa Pwani haukuwapo»

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwaka 1542 padri Francis Xavier alitia nanga Malindi akiwa njiani kwenda Goa. Mreno mmoja alikuwa amekufa chomboni, wakamzika hapo kwa taratibu za Kikristo mbele ya Waislamu wa mji. Katika barua aliyoiandika mwaka huohuo, Xavier anasimulia kwamba Muislamu mmoja wa kuheshimika pale mjini alimuuliza kama Wakristo wa kwao bado wanahudhuria kanisani. Akamwambia kwamba Malindi ina misikiti 17 na ni mitatu tu inayoswaliwa, tena na watu wachache. Mzee huyo aliona jambo hili limetokana na dhambi kubwa. Xavier akampa maelezo yake ya Kikristo, mzee asiyakubali, na kila mmoja akabaki na yake. Si kwamba Wareno walikuwa wageni wa amani, maana walikuja na mizinga. Lakini mazungumzo yalifanyika, kuhusu jambo zito, na kila mtu akarudi kwake salama.

Lamu nako mabishano ya dini hayakuanza na intaneti. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alipoanza kuwasomesha watumwa na watu wa chini, akaswali nao na kusoma maulidi kwa matari, wakubwa wa mji hawakupendezwa. Kwao ilikuwa ni kuvunja heshima ya dini na ya mji kwa pamoja. Msikiti wake wa Riyadha, uliojengwa Langoni karibu na mwaka 1900, leo ndio moyo wa Maulidi ya Lamu yanayovuta wageni kutoka pwani nzima. Bado wapo Waislamu wanaoyaita Maulidi hayo bidaa, yaani uzushi katika dini, tena kwa sauti ya juu, na wapo wanaowajibu kwa hoja na kwa kaswida. Mjadala huo una zaidi ya miaka 100 na mji umesimama. Jiulize tu: kama miaka ile mtu angefungwa kwa kuumiza hisia za kidini za wakubwa, nani angeanza kufungwa? Habib Swaleh mwenyewe.

Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 akiwakosoa Waislamu wenzake kwa uvivu wa kielimu na kwa desturi alizoziona hazina asili katika dini. Wapo walioudhika. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na tazama kilichotokea katika tafsiri za Qur'ani kwa Kiswahili. Mwaka 1923 ilitoka ya Godfrey Dale, mmisionari Mwanglikana wa Zanzibar, ikiwa na maelezo ya kuupinga Uislamu. Mwaka 1953 ikaja ya Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengine wengi hawalihesabu kuwa la Kiislamu, na masheikh wa Kisunni waliiona ni upotofu mtupu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wakati huo, akatoa yake kamili mwaka 1969, na humo akawajibu Waahmadiyya. Hivyo ndivyo tulivyopata tafsiri iliyomo katika nyumba nyingi za Waswahili hadi leo. Ilizaliwa na ubishi. Ingekuwaje kama ile ya 1953 ingekusanywa na polisi ikachomwa moto?

«Kumsema mtumishi wa Mungu ni kumsema Mungu»

Malindi haina ruhusa ya kuliamini hili tena. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miili iliyotolewa ilizidi 400, ya watoto ikiwa mingi. Paul Mackenzie, aliyekuwa na kanisa hapa Malindi, anashtakiwa kwamba aliwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ameyakanusha mashtaka, na kesi ni ya mahakama kuamua. Lakini miaka kabla ya hapo alikuwa akihubiri waziwazi dhidi ya shule na hospitali, na alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017 na 2019. Kamati ya Seneti iliyochunguza ilisema vyombo vya sheria havikufanya kazi yao.

Nani alikuwa na haki ya kusema kwa ukali kwamba mafundisho yale ni ya hatari? Kila mtu. Jirani, mwalimu, mchungaji wa kanisa jingine, sheikh, asiye na dini. Na uhuru wa kuabudu haumpi mhubiri kinga ya kumzuia mtoto asile. Watu wetu wengi hunyamaza wakiona mtu amevaa kanzu au kola kwa kuogopa laana, na matapeli wa dini wa pande zote wanalijua hilo vizuri.

«Basi naweza kusema lolote juu ya Waislamu, au juu ya Wakristo»

Hapana, na tofauti yenyewe ni kati ya fikra na watu. Kusema dini fulani si ya kweli ni maoni. Kusema wafuasi wake wafukuzwe, wasiuziwe, wapigwe, ni uchochezi, na kifungu cha 33(2) cha Katiba kinautoa nje ya uhuru wa kujieleza: propaganda za vita, kuchochea ghasia, matamshi ya chuki, na kuhubiri chuki kwa msingi wa ubaguzi, dini ikiwemo.

Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa hili kinadharia. Juni 2014, washambuliaji waliingia Mpeketoni na vijiji vya jirani, wakawauliza watu dini zao, wakaua zaidi ya 60. Siku zilizofuata maneno yaliruka pande mbili: hawa wabara warudi kwao, wale Waislamu wote magaidi. Wala hakuna aliyekuwa akijadili tauhidi au utatu.

Wataalamu walioitishwa na Umoja wa Mataifa walikubaliana mjini Rabat, Morocco, mwaka 2012, mambo sita ya kuangaliwa kabla ya mtu kushtakiwa kwa kuchochea: hali iliyopo, msemaji ni nani, nia yake, alichosema na namna alivyokisema, maneno yamefika wapi, na uwezekano wa madhara kutokea. Kejeli ya kijana asiyejulikana si sawa na kauli ya mwanasiasa mbele ya umati wenye hasira wiki ya uchaguzi.

«Akitukanwa Mtume, umma una haki ya kuchukua hatua»

Hakuna sheria ya Kenya inayompa mtu haki hiyo. Anayemshika mwenzake akampiga ni mshambuliaji, na aliyepigwa akifa, aliyempiga ni muuaji, haidhuru alisikia nini.

Tena mara nyingi tuhuma yenyewe haina mguu. Asia Bibi, mwanamke Mkristo wa Pakistani, alikuwa akichuma matunda na wenzake mwaka 2009. Akachota maji, wenzake Waislamu wakakataa kunywa katika chombo alichokigusa, ukazuka ugomvi wa maneno. Mwaka 2010 alihukumiwa kifo kwa kumkashifu Mtume. Mahakama ya Juu ilimwachia Oktoba 2018, ikisema ushahidi haukusimama. Kabla ya hapo gavana wa Punjab, Salman Taseer, Muislamu, aliuawa na mlinzi wake mwenyewe kwa kumtetea.

Vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, vina hukumu zake na wanazuoni wana mjadala wao, lakini hakuna hukumu humo inayokabidhiwa kijana wa mtaani mwenye rungu. Kwa Muislamu anayetaka kujua afanye nini papo hapo, Suratun-Nisaa aya ya 140 imeeleza: mkisikia aya za Mwenyezi Mungu zinakanushwa na kufanyiwa mzaha, msikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Na Suratul-An'aam aya ya 108 inatukataza sisi kuwatukana wanaoomba wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu bila ujuzi.

Kwa hiyo ukipokea kipande kama hicho, usikitume mbele, maana anayekisambaza ndiye anayekipa masikio mapya. Kama kinataka watu wadhuriwe, kihifadhi pamoja na tarehe na namba iliyokituma, nenda kituo cha polisi ukaandikishe kwenye OB, kitabu chao cha matukio, au peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano. Na kama mtu amesema tu kwamba dini yako si ya kweli, mjibu ukiwa na jibu, au toka kwenye kundi. Hapo polisi hawana kazi.