Kuifufua bustani ya kale: tunayoamini na yaliyo kweli

Kila inapozungumzwa Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, hoja huwa moja: irudishwe kama zamani. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Njia ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu wanaofanya kazi hii duniani wameshabadili mawazo, na sisi bado tunashikilia yale waliyoyaacha.

Dhana: Kufufua bustani ni kuirudisha ilivyokuwa mwanzo

Mwanzo upi? Bustani ya Dar ilianzishwa 1893, enzi ya Wajerumani, chini ya Profesa Franz Stuhlmann. Haikuwa ya kupumzikia. Ilikuwa mahali pa kujaribia mazao ya biashara, kuona lipi litakubali joto na udongo wa pwani. Tukisema tuirudishe 1893 kwa uaminifu, itatubidi tung'oe vivuli tunavyovipenda na kuchonga upya matuta ya majaribio ya mkoloni. Sidhani kama kuna anayeyataka hayo. Miti iliyoongezwa na vizazi vilivyofuata nayo ni historia, tena ndiyo historia ambayo wakazi wa jiji hili wanaifahamu.

Ulaya nao walipitia huko. Katika kasri la Het Loo, Uholanzi, kati ya 1977 na 1984 waliijenga upya bustani ya karne ya 17, na ili kuifikia ikabidi waiondoe ile ya karne ya 19 iliyokuwa juu yake. Inapendeza, hilo halina ubishi, lakini tabaka moja lilifutwa ili lingine lionekane. Hati ya Florence ya 1982, ambayo ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa uhifadhi wa maeneo ya kihistoria, huitumia kuongoza utunzaji wa bustani za kihistoria, inataka hatua zote za ukuaji wa bustani ziheshimiwe. Kimsingi hakuna kipindi kinachopewa nafasi kuliko kingine, isipokuwa pale uharibifu ulipozidi, na hapo nao pawepo mabaki au nyaraka zisizotiliwa shaka. Picha moja ya zamani yenye ukungu haitoshi.

Dhana: Mti ukifa, nunua mche mwingine, yamekwisha

Bustani yetu inajulikana kwa minazi ya Shelisheli, ile yenye nazi kubwa mithili ya mbili zilizoungana. Asili yake ni visiwa vya Praslin na Curieuse. Mbegu yake ndiyo nzito kuliko mbegu yoyote duniani, tunda huchukua miaka sita au zaidi kukomaa, na mti dume na mti jike ni miti miwili tofauti. Mche wake huupati kwenye vitalu vya kando ya barabara. Ndiyo maana siku hizi kazi huanza na daftari kabla ya jembe: kila mti upewe namba, upimwe, afya yake iandikwe, mbegu zikusanywe na mrithi aandaliwe kitaluni wakati mzee bado amesimama.

Na wakati mwingine aina ileile haifai tena. Het Loo walipoandamwa na ugonjwa wa kuvu kwenye uzio wao wa vichaka, walipanda kichaka kingine kinachofanana nacho. Mistari ya bustani ikabaki, mmea ukabadilika.

Dhana: Orodha ya mimea ya zamani ni mwongozo tosha

Hapana. Amani, milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti 1902. Mti wa Maesopsis, ulioletwa na kupandwa huko, ulienea hadi ndani ya msitu wa asili na umewasumbua wahifadhi miaka mingi. Kuwemo kwenye orodha ya kale hakuufanyi mmea uwe salama kupandwa leo.

Dhana: Wananchi ndio waharibifu, wafungiwe nje

Tazameni Forodhani, Unguja, iliyokarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, na wauza vyakula wa jioni wakatengewa eneo lao. Bila wao, Forodhani ingebaki jina tu.

Dhana: Utepe ukikatwa, kazi imeisha

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Ukuta ukipakwa rangi unaweza kukaa miaka. Nyasi za Dar, masika ya Machi hadi Mei zikishapita, zimekufika magotini. Kiangazi kikiingia, miche isiyomwagiliwa inakauka. Hati ya Florence yenyewe inasisitiza kuwa matunzo ya bustani ni ya mfululizo. Kwa hiyo mradi wowote ukitangazwa, tuulize kwanza watunza bustani wangapi wataajiriwa kwa kudumu, nani atawafundisha kupogoa miti mikongwe, na maji ya Januari na Februari yatatoka wapi. Mageti na vigae vinaweza kusubiri.