Zima sauti kwanza

Ukipita karibu na kibanda cha sinema hapa Arua, Uganda, Jumapili jioni, utamsikia VJ, yaani msimulizi wa filamu, kabla hujaiona skrini. Filamu huenda ni ya Kichina au ya Kihindi. Maneno yake hakuna anayeyaelewa, na hakuna anayehangaika. VJ anaisimulia kwa Kiganda huku filamu ikiendelea. Anawabatiza wahusika majina ya mtaani, anamzomea adui, anawanong'oneza watazamaji kwamba binti yule msimwamini. Wengi waliobanana kwenye mabenchi Kiganda chao ni cha kuokoteza, lakini wanacheka pale pale panapochekesha. Huko Kampala kuna watu wasiomjua mwigizaji hata mmoja wa filamu waliyoitazama, ila watakwambia bila kusita kwamba ilikuwa ya VJ Jingo. Nairobi wana DJ Afro, naye kazi hiyo huifanya kwa Kiswahili.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na siku hizi naendesha pia mafunzo ya walimu wenzangu kuhusu uandishi. Miaka mingi nilipita mbele ya kibanda hicho nikirudi nyumbani na mzigo wa madaftari ya insha, nikilalamika moyoni kwamba watoto wa siku hizi hawajui kusimulia. Nao watoto wenyewe wamo humo ndani, wanamwigiza VJ pumzi kwa pumzi.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili anazijua insha ninazozisema. Toa mada unayotaka, iwe ajali, harusi au siku usiyoisahau, upokee madaftari 70 yanayoanza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi. Niliamka, nikapiga mswaki, nikanawa uso, nikanywa chai." Ajali yenyewe inatokea mstari wa pili kutoka mwisho. Mkono umechoka, kengele inalia, abiria wote wanakufa kwa mkupuo.

Sababu si uvivu. Nchini kwetu Kiswahili kilipita njia yenye miiba. Rais Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wengi, hasa wa kusini, walikisikia kwanza kikitoka kinywani mwa askari. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, lakini hadi mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020, na kukifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, shule nyingi hazikuwa zikikigusa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 13 anakutana nacho kama somo, anakariri ngeli, anapewa insha ya mfano, anainakili. Hapa Arua tuna bahati kidogo: Wanubi wapo, mpaka wa Kongo uko jirani, na sokoni Kiswahili kinaongewa kwa raha, kikiwa kimechanganyika na kila kitu. Kinachonisumbua ni kwamba kile cha sokoni kina uhai, na kikishafika kwenye daftari kinakakamaa.

Nilipoanza kuleta picha na sauti darasani nilikosea vibaya. Nilikuwa nimesoma kuhusu masimulizi ya kidijitali, ule utaratibu ulioanzia California miaka ya 1990, ambapo mtu anaandika hadithi fupi ya maisha yake, anaisoma kwa sauti yake mwenyewe, anaipanga juu ya picha chache, inakuwa video ya dakika mbili au tatu. Nikasema hii ndiyo dawa. Shule niliyokuwa nikifundisha ilituazima kompyuta nne. Wiki tatu wanafunzi wangu walichagua nyimbo, wakabadilisha rangi za herufi, wakagombana kuhusu picha ya machweo. Mwishoni kila kundi lilikuwa na video inayometameta na maandishi ya mistari minne, wa kwanza ukiwa, nadhani umeshakisia, "Ilikuwa siku ya Jumamosi." Picha ilifanya kazi yote na maneno yakakaa pembeni yakiipigia makofi.

Ndipo nikakumbuka VJ. Yeye anafanya kinyume: anachukua kitu kilichokosa jambo moja, yaani lugha ambayo watu wataielewa, kisha anaziba pengo hilo kwa kinywa chake. Bila pengo hana kazi. Tangu hapo sijawahi kuwapa wanafunzi picha, sauti na maneno vyote kwa pamoja. Naondoa kimoja.

Zoezi ninalolipenda linatumia simu moja tu, yangu. Nina kipande cha sekunde 40 nilichorekodi barabarani: mwendesha boda amebeba godoro la futi sita, abiria mmoja, na kuku wawili wananing'inia kwenye usukani. Anafika kwenye tuta. Godoro linateleza. Nagawa darasa makundi mawili, moja linatoka nje. Waliobaki wanatazama mara tatu, sauti ikiwa imezimwa, halafu mmoja wao anakuwa VJ na mwenzake anamrekodi. Mara ya kwanza kijana mmoja alisimulia hivi: "Huyu jamaa anakuja, anakuja, anaona hili tuta, anajifanya halioni! Hee! Godoro linamwambia, mzee, mimi nashukia hapa." Darasa lilianguka kwa kicheko. Kiswahili kile sikuwahi kukiona kwenye daftari lake.

Kisha nazima picha. Kundi la nje linaingia na kusikiliza ile sauti peke yake. Sasa hakuna anayecheka. Wanauliza: huyu jamaa ni nani? Hili tuta liko wapi? Godoro limetokea wapi? Yule kijana aliyekuwa bingwa dakika tano zilizopita anaona kwamba nusu ya hadithi yake ilikuwa imelala kwenye skrini, hakuisema. Maswali hayo tunayaandika ubaoni, na ubao huo ndio mwongozo wa insha. Naondoka mbele, wanaandika.

Mengi ambayo nilikuwa nikiyafundisha kwa chaki na fimbo ya maneno yanajitokeza hapo yenyewe. Chukua nyakati za vitenzi. Kijana anayesimulia mbele ya picha hutumia -na-: anakuja, anaona, anateleza. Ni sawa kabisa, kwa sababu jambo linatendeka machoni pake. Akikaa kuandika, jambo limeshapita, na msomaji anahitaji kusimamishwa mahali kwa -li- halafu avutwe kwa -ka-: alikuja, akaliona tuta, akajifanya halioni. Zamani nilikuwa nachora jedwali la nyakati na kuona macho yakifumba. Sasa nauliza tu, "Msomaji wako yuko wapi? Anaona unachokiona?" Au chukua viashiria. "Huyu" na "hili" ni vidole; vinaelekeza kwenye kitu kilicho mbele yetu sote. Kwenye karatasi kidole hakionekani. Lazima mtu atajwe kwanza, awe "mwendesha boda aliyevaa koti la mvua kwenye jua", ndipo baadaye aitwe "huyo". Ile "huyo" ya kurejelea aliyekwisha tajwa, ambayo vitabu vya sarufi huieleza kwa kurasa mbili, wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliidai wenyewe.

Wasomi wana jina la jambo hili. Mwaka 1996 wataalamu kumi walichapisha makala iliyobadilisha mazungumzo kuhusu kusoma na kuandika, wakisema shule haiwezi tena kushughulikia maandishi peke yake wakati maana inasafiri kwa picha, sauti, ishara za mwili na mpangilio wa nafasi. Waliitwa Kundi la New London, na watu hudhani ni London ya Uingereza. Hapana, ni mji mdogo wa New Hampshire, Marekani, walikokutana miaka miwili kabla. Mmoja wao, Gunther Kress, baadaye aliandika sana kuhusu kuihamisha maana kutoka njia moja kwenda nyingine. Hoja yake naieleza kwa lugha ya jikoni: ukihamisha mchuzi kutoka chungu kwenda sahani, kuna unaobaki chunguni na kuna unaomwagika. Picha haina -ka-. Sentensi haina rangi mpaka uitaje. Kinachomwagika ndicho mwanafunzi anachopaswa kukitafutia neno.

Sauti nazo zina hazina ambayo Kiswahili kinaifurahia kuliko lugha nyingi zinazofundishwa shuleni. Nawatuma wanafunzi wakae dakika mbili soko kuu macho yakiwa yamefumbwa, warudi na sauti tano tu. Hawarekodi, simu ni marufuku kwa wanafunzi, na kwa zoezi hili afadhali. Wakirudi tunatafuta tanakali: kitu kimeanguka pu au kimeanguka tapwi? Kijiti kimevunjika kacha. Jiwe limetumbukia chubwi. Halafu nauliza, kwenu mnasemaje? Ubao unajaa sauti za Kilugbara, Kinubi, Kialuri, Kimadi, na mabishano ni makali, maana kila mtu anaamini chombo huanguka kama kinavyoanguka kwao. Nawaruhusu kuingiza moja au mbili katika insha za Kiswahili. Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Sawa.

Kuhusu vifaa sina mengi. Karatasi ya manila, kalamu za rangi, simu moja yenye chaji, spika ndogo ukiipata. Kwa picha zilizochorwa vizuri, African Storybook, mradi ulioanza kwa majaribio katika nchi chache, Uganda ikiwemo, una hadithi nyingi za bure kwenye mtandao, kwa Kiswahili na lugha zetu kadhaa, na leseni yake inaruhusu kuzitumia na kuzibadilisha. Mimi nachapa kurasa na kuyafunika maneno. Kurasa zikiwa nane, naondoa na ya tano pia. Ukurasa uliokosekana ndio wanaouandika vizuri zaidi, sijui kwa nini nilichukua muda mrefu kulijua hilo.

Jambo moja naliomba kwa walimu wanaofundisha karibu na makazi ya wakimbizi, na huku West Nile, kanda yetu hii, tuko wengi. Utaratibu ule wa California unamtaka mtu asimulie maisha yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe. Usimlazimishe mtoto. Niliwahi kutoa mada ya "safari yangu" kwa wanafunzi ambao baadhi yao walivuka mpaka usiku, na nilipoona kimya kilichoshuka niliifuta ubaoni kwa kiganja bila kutafuta dasta. Sasa mada zangu ni za kuku na magodoro. Mwenye lake la kusema atalipenyeza humo akitaka, na asipotaka hakuna atakayejua. Sauti na sura za watoto haziondoki kwenye simu yangu, wala hazipandi kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata mzazi akiomba kwa upendo.

Limebaki suala la alama, na hapa ndipo tunapokwaruzana. Chini ya mtaala mpya, asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha kidato cha nne, hutokana na kazi za darasani, 80 ni mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mwalimu akiona manila yenye rangi saba, mkono unamwasha kuipa alama za uzuri. Mimi sisahihishi manila wala sauti iliyorekodiwa. Hizo ni jiko, nasahihisha chakula. Natazama mambo matatu: je, mtu ambaye hakuona kile kipande ataona? Je, kuna angalau neno moja ambalo mwandishi amelitafuta, hakulikuta njiani? Je, nyakati zinashikana? Tahajia naipigia mstari lakini haiwi kipimo cha kwanza.

Muhula uliopita daftari la yule VJ wa boda lilikuja na makosa 11 ya tahajia na sentensi moja isiyo na mwisho. Lilianza hivi: "Kuku ndio walioliona tuta kwanza." Nikampa 14 kwa 20. Mwenzangu ninayesahihisha naye akasema 9, tena kwa huruma. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akachukua daftari, akausoma tena ule mstari wa kwanza, akaniambia nimwachie alale nalo usiku mmoja.