Saladi ya kuku na matunda isiyotoa maji

"Yaya, nimeongeza mayonezi mara mbili na bado saladi iko na maji mingi. Niongeze tena?"

Alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Muhungu; yaya kwetu ni dada mkubwa. Alinipigia simu Jumamosi mchana, wageni wa kipaimara cha mtoto wake wameshaanza kuingia uani. Nikamwambia asiongeze hata kijiko. Amwage saladi yote kwenye chujio, aiache dakika kumi, kisha airudishe kwenye bakuli na vijiko viwili tu vya mayonezi. Ililika. Lakini haikuwa saladi aliyoitamani, na uchungu wake niliusikia kwenye simu. Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kupika kwenye karamu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Tuanze na mayonezi yenyewe. Ndani yake kuna mafuta, kama robo tatu ya uzito wake, yaliyopasuliwa kuwa matone madogo mno yanayoelea katika maji kidogo ya yai na ndimu. Mafuta na maji hayapatani, ila kiini cha yai kina lesithini, ambayo upande wake mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji. Ule uzito unaouona kijikoni ni matone yaliyobanana kama abiria wa basi la jioni linalopanda Kadutu. Hayana pa kusogea. Yakipata maji zaidi yanapata nafasi, yanateleza, na mayonezi inakimbilia chini ya bakuli.

Na maji hayo yanatoka ndani ya saladi yenyewe. Kuku ana maji, nanasi lina maji, seleri ni maji yaliyovaa nyuzi. Ukishakata kitu na kukigusisha chumvi, chumvi inayavuta maji yatoke nje. Mayonezi ina chumvi. Kwa hiyo anayeona saladi imelegea akaongeza mayonezi, ameongeza chumvi pia, na baada ya nusu saa bakuli linatoa maji upya. Mama wa Muhungu alikuwa akikimbizana na kitu ambacho mkono wake mwenyewe ulikuwa unakilisha.

Ndiyo maana kazi yote ya saladi hii inafanyika kabla ya mayonezi kufunguliwa.

Kuku kwanza. Sokoni kwetu kuna wa namna tatu: wa kienyeji, kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, na mapaja ya friji yaliyoingia yamegandishwa. Ya friji yana maji mengi, na anayeyapika kabla hayajayeyuka vizuri atapata nyama ya sifongo. Yaache usiku kucha kwenye friji, ndani ya sahani yenye kina, maji yake yasidondokee vyakula vingine. Wa kienyeji namheshimu sana, ila nyuzi zake ni ndefu na ngumu, mimi namwachia mchuzi na bugali. Kwa saladi nampenda kuku wa mayai. Ana mafuta, ana ladha, na bei yake inaeleweka. Anachotaka ni subira tu.

Mweke kwenye maji baridi yenye chumvi, kitunguu na majani ya seleri, uyaache maji yapande polepole. Hapa kosa kubwa ni moto. Nyama ya kuku ikipandishwa joto kwa pupa, nyuzi zake hujikunja na kukamua maji yake nje, ndiyo unapata kifua kikavu kinachokwama kooni. Maji yasichemke kwa fujo. Yatoe vipovu vichache pembeni mwa sufuria, basi. Ukitumia mbabula, jiko letu la makala (makaa), toa makala kadhaa na yaliyobaki yafunike kwa majivu. Kifua cha kuku mchanga kinaiva kwa kama dakika ishirini za moto wa namna hiyo. Kuku wa mayai anataka saa moja na nusu hadi mbili, kwa sababu ile mishipa myeupe inayomfanya awe mgumu hulainika kwa muda, haiogopi ukali wa moto. Kumbuka pia kwamba mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka karibu na nyuzi 95, si 100. Dakika unazosoma kwenye vitabu vya watu wa pwani ziongeze kidogo. Mwenye kipimajoto akichome sehemu nene ya paja: nyuzi 74, kuku ameiva.

Usimtoe kwenye mchuzi akiwa wa moto, atatoa mvuke na kukauka. Iingize sufuria nzima ndani ya beseni la maji baridi, badilisha maji ya beseni mara mbili tatu, mpaka kuku apoe ndani ya mchuzi wake. Lakini isizidi saa mbili. Kisha mtoe, chambua nyama, ikaushe kwa kitambaa safi, uikate kwa kukatiza nyuzi, vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vitandaze kwenye sinia, usivirundike. Nikifika hapo naweka sinia kwenye friji na ninakwenda kwenye matunda.

Sasa nanasi. Kuhusu nanasi nina jambo la kusimulia.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya ndoa, na nikataka saladi yangu isahaulike kwa shida. Nilinunua mananasi ya kisiwa cha Idjwi, yale yenye harufu inayokufuata mpaka mlangoni. Niliyakata mabichi, nikachanganya na kuku na mchuzi wa maziwa ya kuganda tangu usiku ili asubuhi niwe na nafasi. Asubuhi nilifunua bakuli. Kuku alikuwa amelegea kama ametafunwa, na mchuzi ulikuwa mchungu kiasi cha kukunja ulimi. Nilimlaumu muuza kuku. Nilimlaumu muuza maziwa. Hawakuwa na kosa lolote, na hadi leo naona haya kwa maneno niliyowaambia.

Kosa lilikuwa la nanasi bichi. Ndani yake kuna kimeng'enya kiitwacho bromelini, na kazi yake ni kukatakata protini. Kikikutana na nyama kinaifanya uji. Kikikutana na maziwa kinazivunja protini za maziwa vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo vichungu. Papai bichi nalo lina ndugu yake, papaini, ndiyo sababu wapishi hufunga nyama ngumu katika majani ya mpapai ilainike. Jambo zuri kwa nyama ngumu, balaa kwa kuku aliyeiva tayari. Ukitaka kuliona kwa macho yako, changanya kijiko cha maziwa ya kuganda na kipande cha nanasi bichi lililopondwa, uonje baada ya saa moja.

Dawa yake ni moto. Kimeng'enya hiki hakivumilii joto la kuchemka. Kata nanasi vipande vidogo, yaweke kwenye kikaango kikavu bila mafuta, yachemke katika maji yake yenyewe huku ukigeuza, dakika tano hivi, mpaka yale maji yaishe na kingo zianze kushika rangi ya asali. Umefanya kazi mbili kwa moto mmoja: bromelini imekufa, na maji ambayo yangeishia kwenye mayonezi yamekwisha kuondoka. Ladha nayo inakolea. Nanasi la kopo limeshapikwa kiwandani, halina shida hiyo, ila lichujwe na kukaushwa vizuri. Mimi, nikiwa naliona ziwa kutoka dirishani na Idjwi iko humo, sioni sababu ya kununua kopo.

Embe letu linapanda kutoka bonde la Ruzizi. Kwa saladi chagua lililoiva nusu, linalokataa kidogo ukilibonyeza. Lililoiva kabisa linayeyuka na kugeuza kila kitu njano. Tofaa, au pome kama tunavyosema, linatoka mbali na ni ghali, lakini hakuna tunda linalovumilia mayonezi kama hilo. Likate mwisho, na uligeuze kwenye maji ya ndimu papo hapo, maana likikutana na hewa linakuwa kahawia. Parachichi usilichanganye kamwe. Lipange juu wakati wa kuandaa meza. Fraizi, yaani stroberi, zinatoa rangi, zikae pembeni ya sahani. Tikiti maji sitaki hata kulisikia katika saladi hii. Ndizi vilevile.

Marakuja, yaani pasheni, ni jambo jingine, nayo naipenda mno. Siiweki kama tunda, naiweka kwenye mchuzi mahali pa ndimu. Ukali wake una harufu, na mtu anakula akitafuta umetoka wapi ule utamu.

Mchuzi wenyewe hautaki maneno mengi. Kwa gramu 600 za nyama iliyochambuliwa, ambazo kuku wa kilo moja na nusu hukupa bila taabu, tumia gramu 150 za mayonezi na nusu yake, gramu 75, ya maziwa ya kuganda yaliyochujwa. Neno la kushika ni kuchujwa: yafunge kwenye kitambaa cha pamba, yaning'inize juu ya bakuli kwa saa tatu au nne, yabaki mazito ya kusimamisha kijiko. Ongeza maji ya marakuja moja yaliyochujwa mbegu, haradali kijiko kidogo, pilipili manga. Chumvi onja kwanza, mara nyingi haihitajiki.

Kuhusu mayonezi ya nyumbani, najua wapo wanaoiona ndiyo pekee yenye heshima. Mimi mwenyewe naipika kwa familia. Lakini yai bichi linaweza kubeba salmonela, na kwenye karamu ya watu mia mbili sithubutu. Natumia ya dukani, au natengeneza kwa viini vya mayai yaliyochemshwa: viini vitatu vilivyopondwa laini pamoja na haradali, kisha mafuta yanayodondoshwa tone kwa tone huku unakoroga. Haiwi laini kama ile nyingine, ila ladha yake ni nzito na moyo wako unatulia.

Kuna jambo la zamani ambalo hunisaidia nikifikiria saladi hii. Katika hoteli ya Waldorf, New York, miaka ya 1890, msimamizi wa ukumbi Oscar Tschirky alifahamika kwa saladi ya tofaa, seleri na mayonezi, basi. Jozi, zile kokwa za walnut, ziliingia baadaye. Na mwaka 1953, Rosemary Hume na Constance Spry walipoandaa kuku baridi kwa ajili ya kutawazwa kwa Elizabeth II huko London, matunda yao yalikuwa aprikoti iliyosagwa ndani ya mchuzi wenye mayonezi na bizari. Ukizitazama kwa jicho la mpishi: moja ilichagua tunda lisilotoa maji haraka, nyingine ililigeuza tunda kuwa sehemu ya mchuzi. Hakuna aliyetumbukiza nanasi bichi.

Kuchanganya kunachukua dakika mbili. Nyama ivikwe kwanza kwa nusu ya mchuzi, peke yake, ili mafuta yaizunguke. Kisha miti miwili ya seleri iliyokatwa nyembamba na kukaushwa, kisha gramu 300 za matunda, mwisho mchuzi uliobaki. Karanga zilizokaangwa nazitupia juu wakati wa kupeleka mezani, si kabla, zisije zikalainika. Ukitaka kuandaa tangu jana, andaa kila kitu jana, ila kila kimoja katika chombo chake. Kinachokutana mapema ndicho kinachotoa maji.

Halafu baridi. Hapa siwezi kulegeza. Kuku, yai na maziwa vikikaa kati ya nyuzi 5 na 60, vijidudu vinazaana, na vile vinavyotoka kwenye mikono yetu vinaweza kuacha sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Sisi tunajua karamu zetu: kadi imeandika saa nane, maharusi wanaingia saa kumi, hotuba za wajomba zinafuata. Na umeme unakatika bila kuaga. Kwa hiyo mimi nabeba barafu iliyogandishwa kwenye chupa tangu usiku, na saladi inasafiri ndani ya boksi la baridi ikiwa imezungukwa na chupa hizo. Mezani naweka bakuli dogo ndani ya beseni la barafu, likiisha naleta jingine. Wapo wenye sherehe wanaolalamika kwamba bakuli dogo linaonyesha ubahili. Nawaeleza kwa upole na siongezi ukubwa. Ikishapita saa mbili mezani, iliyobaki haibebwi nyumbani, hata shangazi akiisisitiza.

Ile iliyobaki kwenye boksi, ambayo haikugusa meza, inafaa mpaka kesho yake mchana. Na ule mchuzi wa kuku uliobaki kwenye sufuria usimwage: pikia wali wa karamu hiyohiyo.