Pua ya Pinocchio haikuanza na uongo

Filamu ya vikaragosi ya Guillermo del Toro na Mark Gustafson, iliyotoka 2022, ina pua isiyosahaulika: Pinocchio, kijana wa mbao, akidanganya, inachipua matawi na majani kama mti. Vikaragosi hivyo vilisogezwa kwa mkono, hatua ndogondogo, picha baada ya picha. Ni kazi ya subira, na naipenda mno.

Lakini filamu kama hizi zimetuzoesha dhana moja ya siku nyingi, kwamba pua ya Pinocchio hurefuka kwa sababu ya uongo tu. Hadithi yenyewe haisemi hivyo. Carlo Collodi aliianza mwaka 1881 katika gazeti la watoto nchini Italia, na humo pua inarefuka kabla kijana huyo hajachongwa mdomo. Geppetto, fundi anayemtengeneza, ndiyo kwanza anaichonga. Anaikata, nayo inazidi kurefuka. Baadaye Pinocchio, tumbo likimnguruma, anakimbilia chungu kinachochemka na kukuta kimechorwa tu ukutani. Pua inaongezeka vidole vinne. Hapo hajadanganya mtu, ana njaa tu!

Uongo unakuja baadaye, anapomdanganya mwanamke wa miujiza mwenye nywele za buluu kuhusu sarafu zake za dhahabu. Pua inakuwa ndefu hata hawezi kugeuka chumbani, mpaka ndege gogota wanaitwa kuidonoa ipungue. Tukio hili ndilo lililobaki vichwani mwa watu, na si ajabu, maana linachekesha na mtoto analielewa papo hapo.