Feni ya umeme na sailensa inayoyumba: acheni skrubu

Feni ya zamani ikitolewa na ya umeme kufungwa, kauli inayochosha kuliko zote kwenye gereji za Tanga ni hii: "Feni ikiwaka sailensa inashuka, kwa hiyo pandisha skrubu." Sailensa ni mizunguko ya injini mguu ukiwa nje ya mafuta; skrubu ni ile ya troto, mlango wa hewa wa injini, nayo haina habari na umeme.

Feni ya umeme ya rejeta ya Mark II au Hiace hula kama ampea 15 hadi 25, na inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au zaidi. Ampea 20 kwa volti 13.5 ni wati 270. Oltaneta, yaani kizalisha umeme cha gari, nayo hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa na mkanda, kwa hiyo injini inadaiwa wati 500 hivi kwa mkupuo, tena ikiwa kwenye mizunguko 700 kwa dakika. Kushuka kidogo kwa sekunde moja kisha kurudi ni kawaida. Ikishuka ikabaki huko, au ikapanda na kushuka, kuna ugonjwa, na skrubu inaufunika tu. Kwenye gari la nozeli, ambalo mafuta yake hupimwa na kompyuta, hata kuufunika haiwezi: troto ikikaa wazi, kompyuta inadhani mguu uko kwenye mafuta, inaacha kusimamia sailensa. Gari la kabureta ndilo pekee linaloruhusiwa skrubu, nalo baada ya umeme kupimwa.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Injini iwe moto, taa na AC vizimwe, mita iwekwe kwenye vichwa vya betri: volti 13.8 hadi 14.4. Washa feni. Zikibaki juu ya 13, sawa. Zikienda chini ya 12.6, betri ndiyo inayolisha feni. Angalia mkanda kwanza, kisha oltaneta. Halafu waya mweusi wa mita uguse hasi ya betri, mwekundu uguse chuma kitupu cha injini, feni ikizunguka. Zaidi ya volti 0.2, ethi, yaani waya wa hasi kati ya betri na injini, ni mbovu. Hapa mwambao ndiyo hukumu ya mara nyingi: chumvi inakula shaba chini ya plastiki huku juu waya unang'aa. Kuupaka grisi waya uliokwisha kuoza ni kumpaka maiti wanja. Ukateni, mfunge mpya.

Feni yenyewe ipewe waya wa milimita za mraba 4, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 40, na fyuzi ya 30 karibu na betri. Hasi yake irudi kwenye betri, si kwenye bati la rejeta.

Ziko na kauli nyingine za gereji. "Feni ipo, toa thamostati," ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Hapana. Injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi ya asubuhi, kama injini baridi, sailensa inabaki juu na plagi zinakuwa nyeusi.

"Swichi ya feni idandie sensa ya kompyuta, joto ni lilelile." Joto ndiyo, ukinzani wa umeme, ambao ndio kompyuta huusoma, sio. Kompyuta itasoma uongo na kupima mafuta kwa uongo huo. Feni iwe na sensa yake.

"Petroli chafu." Labda, lakini ilichafuka siku ileile feni ilipofungwa? Angalia kwanza mpira wa vakumu (bomba dogo linalonyonywa hewa na injini) uliochomoka wakati wa kutoa feni ya zamani. Na kama maji ya rejeta yalimwagwa, toa hewa: kwenye Toyota za zamani ambazo vali ya sailensa hupashwa na maji hayo, hewa iliyobaki ndani inatosha kuifanya sailensa icheze ngoma.