Uzamili wa haki za watu wenye ulemavu si wa mawakili peke yao

Hapa Lamu, vijana waliosomea ualimu, uuguzi au ujenzi huiacha kozi hii wakiamini ni ya mawakili. Sivyo. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, hufundisha haki za watu wenye ulemavu barani Afrika kwa njia mbili: mwenye shahada ya sheria hutunukiwa uzamili wa sheria, aliyesomea fani nyingine hutunukiwa uzamili wa falsafa (MPhil), ambalo ni jina la shahada tu, si somo la falsafa.

Na ndivyo inavyostahili. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia, kwa kiasi kinachofaa, mahali pote, usafiri wa umma na habari. Lakini kisiwani usafiri wa umma ni boti. Anayetumia kiti cha magurudumu akikuta ngazi gatini, maji yamekupwa, hubebwa kama mzigo mbele za watu. Hilo huniuma sana. Wakili aweza kushinda kesi; ngazi zile zitabadilishwa na mhandisi na wapanga bajeti wa kaunti. Hao ndio wanaohitajika darasani, na mwalimu wa viziwi pia. Ila soma masharti kwanza, kwani viko vyuo vinavyodai shahada ya sheria.