Mchezaji wa kriketi wa Ireland aliyevaa jezi ya England

Kwa muda mrefu wengi wameamini kwamba mchezaji wa kriketi wa Ireland aliyewahi kuichezea England aliikana nchi yake na kubadili uraia.

Ukweli ni kwamba hadi mwaka 2017 Ireland haikuwa na hadhi ya kucheza mechi za Testi, yaani zile za kimataifa za siku 5, kwa hiyo kijana aliyetamani kufika huko alilazimika kupitia England, ambako wachezaji wengi wa Ireland tayari walikuwa wakiishi na kulipwa mishahara na klabu za majimbo. (Kenya nayo ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 bila kuwahi kuwa na hadhi hiyo.) Kanuni za mchezo huu huangalia mahali pa kuzaliwa, uraia au ukaazi, hivyo si lazima mchezaji abadili uraia, na humruhusu kurudi katika timu ya nchi aliyoichezea awali baada ya muda maalumu. Yuko aliyecheza Kombe la Dunia la 2007 akiwa na England, la 2011 akiwa na Ireland, na mwaka 2018 akawemo katika Testi ya kwanza ya Ireland, dhidi ya Pakistan, mjini Malahide.

Msomaji anayetaka kuhakikisha afungue kumbukumbu za takwimu za mchezaji, asiishie kwenye jumla, bali atazame tarehe ya mechi ya kwanza na ya mwisho kwa kila timu, akikumbuka pia kwamba timu ya Ireland huwakilisha kisiwa kizima, Ireland Kaskazini ikiwemo.